Mayai Sita, Mayai Manne

Sanya Juu,
6 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Najua hukutegemea barua kutoka kwangu. Hata mama yangu ameniuliza kama akili zangu ni timamu, mtu aliyerudishwa kwao anamwandikia baba mkwe kitu gani tena. Lakini masikio yako hayasikii simu, na ujumbe nikiutuma kwenye simu ya nyumbani mama mkwe Margareta atausoma kwa sauti jikoni kabla wewe hujauona. Kwa hiyo nimempa Elifuraha, yule wa kuuza ndizi, anayekuja sokoni hapa kila wiki. Nimemwambia akukabidhi mkononi.

Sikuandiki kwa ugomvi. Mwezi wa sita ulipokuja mwenyewe mpaka mlango wa chumba changu na jani la sale, ukaniomba niondoke kwa amani ili Wilbert apate mtoto, nililipokea. Wote wawili tunajua kwamba sale ni jani la amani, na ukiletewa huna la kusema. Ungekuja na maneno matupu ningebishana na wewe mpaka leo. Ulikuja na jani, nikafunga nguo zangu. Ndoa ya miaka tisa iliingia kwenye mabegi mawili na ndoo moja.

Sasa nimeambiwa tarehe 28 Desemba, watu wakiwa wamepanda nyumbani kwa Krismasi, wazee wa kwenu na wa kwetu watakutana hapo Kilema wamalize jambo hili. Nitatakiwa nisimame, niseme kwa mdomo wangu kuwa ugumba ni wangu na kwamba simdai mtu chochote. Nitasema. Ila nataka nikijue ninachokisema.

Humu ndani kuna nakala ya karatasi ya hospitali ya India, tulikokwenda Januari kutafuta mtoto. Nesi alinipa mimi nakala mbili, na nyingine akampa Wilbert. Kule daktari aliongea Kiingereza mbio mbio, na changu kiliishia darasa la saba, hivyo Wilbert ndiye aliyenitafsiria. Alisema mayai yangu yanapokea mbegu lakini hayagawanyiki, ni mabovu. Nililia pale pale, akanifuta machozi kwa leso yake mbele ya daktari.

Wewe umefundisha baiolojia miaka thelathini na nne. Nisomee, Baba. Nataka kujua ubovu wenyewe ni wa namna gani, na kama nimezaliwa nao au niliupata njiani. Hilo tu.

Aliyekuwa mkweo,
Avelina

*

Kilema,
14 Oktoba 2024

Avelina mwanangu,

Marahaba. Umefanya vizuri kuuliza. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuniuliza swali la baiolojia kwa hiari yake, hata wanangu wa kuwazaa, kwa hiyo nimevaa miwani kwa furaha ingawa habari yenyewe si ya furaha.

Nimeisoma ripoti. Inasema mayai sita yalipewa mbegu za Wilbert. Yote sita yalizipokea, maana viini viwili vilionekana ndani, cha baba na cha mama. Kisha hakuna lililogawanyika. Sasa sikiliza somo. Mbegu ya mwanamume ina kichwa, shingo na mkia. Kichwa kimebeba nusu ya kromosomu, mkia ni wa kuogelea, basi, kazi yake imekwisha. Vingine vyote, chakula, vifaa na nguvu ya kufanya kazi, vinatoka kwenye yai. Kwa hiyo yai likishapokea mbegu halafu likanyamaza, hitilafu iko kwenye yai. Huenda umezaliwa nayo. Hukuipata kwa kosa lolote, na mtu akikwambia ni laana mwambie aje kwangu nimpe mtihani.

Tena kumbuka Wilbert alipimwa hapa Moshi kabla hamjasafiri. Karatasi yake ilipita mkono kwa mkono kwenye kikao cha ukoo: mbegu nyingi, zenye mbio.

Na nikuambie jingine, nisije nikalificha ukalisikia sokoni. Blessing, yule binti aliyeletwa kwa Wilbert mwezi wa saba, ni mjamzito. Miezi mitatu. Margareta anasema huenda ni mapacha kwa jinsi tumbo lilivyowahi, na mimi tayari nimeshatenga mtamba wa kumpa mjukuu. Sikwambii ili nikuumize. Nakwambia ili siku ile usimame bila wasiwasi, useme yale maneno, upumzike.

Nilikupenda kama binti yangu na bado nakupenda.

Baba,
Mwl. Emilian

*

Sanya Juu,
24 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Asante kwa somo. Nimelisoma mara tatu. Kuhusu Blessing nimeshtuka, siwezi kukudanganya. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba mpaka mama akaja kuniita. Lakini ni mtoto wa watu, ajifungue salama.

Ila kuna kitu, Baba. Umeandika mayai sita. Mimi nilitolewa kumi. Nesi wa kule hatukuelewana lugha, basi alininyooshea vidole vya mikono yote miwili huku anacheka, na mimi nikamnyooshea vyangu, tukacheka wote. Kumi. Yale manne yako wapi?

Siku ya tano daktari alinionyesha kitu kwenye skrini, kiduara kimejaa viduara vingine vidogo vidogo vimebanana. Alikuwa anatabasamu, ananionyesha mimi kwa kidole. Nilimwuliza Wilbert ni nini kile. Akasema ni cha mwanamke mwingine, wanawaonyesha wateja wote ili wasikate tamaa. Nikaamini. Kabla ya hapo nilikuwa nimetia sahihi karatasi, Wilbert akasema ni ya dawa ya usingizi, na ile nayo nikaamini.

Jana nimeigeuza nakala niliyobaki nayo. Nyuma kuna maandishi mengine, na katikati kuna namba 4, na pembeni yake kuna jina langu. Kiingereza sikijui lakini jina langu nalijua.

Baba, wewe uligeuza?

Avelina

*

Kilema,
3 Novemba 2024

Anisha,

Natumaini kazi ya maabara haijakuzeesha kama kazi ya chaki ilivyonizeesha mimi. Nakuandikia wewe kati ya wanafunzi wangu wote kwa sababu mwaka 1998 ulikaa dawati la mbele ukanisumbua. Ulichora mbegu ya mwanamume ubaoni, ukaweka vidoti viwili shingoni, ukaniuliza vina kazi gani. Nikakujibu ni vya mkia, futa tuendelee. Darasa likacheka na mimi nikacheka nalo.

Nimefunga humu ripoti ya mkwe wangu Avelina, mke wa mwanangu wa mwisho, Wilbert. Walikwenda India Januari baada ya kukaa miaka mingi bila mtoto. Ukurasa wa kwanza niliusoma kama mwalimu mwenye mitihani mia mbili mezani: nikaona jibu ninalolitegemea, nikaweka alama ya vema, nikafunga. Wa pili nimeusoma baada ya yeye kuniuliza kama niligeuza. Nimeusoma mara nane. Mke wangu alinitazama, akaniletea dawa ya malaria.

Kuna neno sentrosomu. Nimelifundisha neno hilo maisha yangu yote. Seli ya mnyama ikitaka kugawanyika, sentrosomu mbili husimama upande huu na huu, nyuzi hutoka kwao zikazivuta kromosomu. Watoto walichora vizuri sana, nikawapa alama zao. Wala sikuwahi kujiuliza yai linaipata wapi sentrosomu yake ya kwanza.

Niambie nimesoma vibaya. Nimeshamwandikia yule binti kwa mkono wangu kwamba hitilafu ni yake. Nilimtoa nyumbani kwake kwa mkono huu huu, na mahali pake ameshaletwa binti mwingine, Blessing, ambaye ni mjamzito. Naogopa, Anisha. Nina miaka sabini na tatu na naogopa karatasi.

Mwalimu wako,
Emilian

*

Moshi mjini,
11 Novemba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Hukusoma vibaya. Naanza na hilo kwa sababu najua unaruka aya za mwanzo.

Mayai yote kumi ni ya Avelina. Sita yalipewa mbegu za mume wake. Manne yalipewa mbegu za mfadhili asiyetajwa jina, kwa ajili ya kulinganisha. Yale sita yalifika kwenye viini viwili yakasimama. Yale manne yote yaligawanyika, mawili, manne, nane, mpaka siku ya tano. Mama ni yule yule, siku ni ile ile, meza ni ile ile. Kilichobadilishwa ni mbegu peke yake.

Vile vidoti vyangu, Mwalimu, ni sentrioli. Yai la binadamu linapokomaa huziondoa za kwake zote. Hubaki na chakula na vifaa vingi, lakini sentrosomu inayofanya kazi halina. Anayeileta ni baba, kwenye shingo ya mbegu. Ikishaingia, hukusanya vifaa vya yai kuizunguka, nyuzi zinaanza kuota kutoka hapo, na nyuzi hizo ndizo zinazokisogeza kiini cha mama kikutane na cha baba. Kisha inakuwa mbili, kila moja inakwenda upande wake, na seli moja inagawanyika. Ikiwa na hitilafu, yai linabaki linangoja. Usijilaumu sana kwa vitabu. Panya, ambao ndio tunaowatumia mno maabara, hawafuati utaratibu huu, na mimea haina sentrioli za namna hii kabisa lakini inagawanyika. Mambo haya yaliwachanganya wengi.

Kile kipimo cha Moshi kilihesabu mbegu na kupima mbio zake. Shingo hakikuitazama. Mtu anaweza kuwa na mbegu nyingi, nzuri, zenye mbio, na bado tatizo likawa lake.

Mawili ya mwisho, na nisamehe nikiongea kama nakufundisha. Chini ya ukurasa wa pili imeandikwa kwamba majibu yalielezwa kwa mume kwa Kiingereza naye akaelewa. Sahihi ya Wilbert iko hapo, 24 Januari. Na kuhusu yule binti mwenye mimba, karatasi hii inasema habari za mayai sita ya siku moja, haiwezi kumhukumu mtu mwingine. Tafadhali usiifanye fimbo.

Karatasi ni ya Avelina, nimeirudisha humu. Yeye ndiye anayepaswa kujua kwanza.

Mwanafunzi wako,
Anisha

*

Sanya Juu,
1 Desemba 2024

Baba, shikamoo.

Wiki ya tano hii Elifuraha anakuja bila kitu. Nikimwuliza anasema alikupa mkononi, ukaingia ndani bila kumkaribisha hata maji, jambo ambalo si kawaida yako. Nimeogopa labda unaumwa.

Au swali langu la yale manne limekuudhi. Kama ni hivyo nalifuta. Sikuwa na nia ya kumfanya mtoto wako mwongo. Mtu aliyekaa bila kazi anawaza mengi.

Mama ananifanyisha mazoezi ya maneno ya tarehe 28. Nasimama kwenye zizi la mbuzi nasema, mimi Avelina, mbele ya wazee, tumbo langu limekataa. Mara ya kwanza nilishindwa kumaliza. Sasa namaliza vizuri. Hata mbuzi wamezoea.

Avelina

*

Moshi mjini,
8 Desemba 2024

Baba,

Nimepata barua yako. Nimeisomea stoo, katikati ya vipuri, nimejifungia mpaka Bwana Ramnik, mwenye duka, akagonga akidhani nimezimia. Umeniuliza swali moja, nami nakujibu moja. Ndiyo, nilijua.

Daktari aliponieleza nilisikia kama ameniambia mimi si mtu. Avelina alikuwa amenitazama mdomoni, anangoja nimtafsirie. Nilifungua mdomo na kilichotoka ndicho kile. Sikukipanga, Baba. Nilidhani nitarekebisha tukifika hotelini. Kisha kwenye ndege. Tulipofika Kilema ulikuwa umeshakaa na wazee kwenye kikombe cha pombe ya mbege, mnasubiri, na wewe mwenyewe ulishasema mbele yao kwamba nyumba ya baba anaachiwa wa mwisho na haiwezi kuachwa kwa mtu asiye na mtoto. Mimi ndiye wa mwisho. Ulitaka niseme nini?

Kuhusu Blessing, kwa kuwa umeshaanza kuhesabu miezi, nikuambie mwenyewe. Nilimkuta na ujauzito wa miezi miwili. Aliyempa alishakimbia. Nilimwambia mimba hiyo itakuwa yangu, hakuna atakayejua, yeye atapata nyumba na mimi nitapata mtoto. Alilia, akakubali. Nilimtafuta mtu kama yeye, Baba. Sikumwokota.

Ichome hiyo karatasi. Avelina ni mwenye nguvu, atapona. Blessing atafukuzwa, mtoto ataitwa mwana wa kuokota, na mimi nitachekwa Moshi nzima. Kwa karatasi moja.

Na tafadhali usiniandikie kama vile mimi ndiye niliyemfukuza Avelina. Sikumwambia hata siku moja aondoke. Lile jani ulilikata wewe.

Wilbert

*

Kilema,
15 Desemba 2024

Avelina mwanangu,

Jibu kwanza, maana nimekunyima wiki saba. Mayai yako ni mazima. Yale manne ni yako. Kile kiduara ulichoonyeshwa kwenye skrini kilikuwa chako, na daktari alikuwa anakutabasamia wewe.

Kaa kwenye kigoda kwanza, kisha uendelee kusoma.

Nilikufundisha uongo. Nilikwambia yai ndilo lenye vifaa vyote, kumbe kuna kimoja ambacho mama hana, baba ndiye anakileta, kidogo kuliko kitu chochote ulichowahi kukiona. Umeona tunavyogawa kihamba, shamba la ukoo. Mmoja anashika kamba kona hii, mwingine kona ile, wanavuta, ndipo mpaka unapatikana. Shamba liwe zuri namna gani, bila washika kamba litakaa vile vile. Yai lako lilikuwa tayari. Mbegu za Wilbert zilifika bila washika kamba. Yale manne yalipewa mbegu za mtu mwingine kwa kupimia tu, yakagawanyika yote.

Wilbert alijua. Aliambiwa, akatia sahihi, akakugeukia akakwambia kinyume. Nimemwuliza, amekiri. Yamo mengine aliyoniandikia ambayo hayakuhusu, nayaacha.

Na mimi nimejua tangu tarehe 11 Novemba. Nilimwandikia yeye kabla yako, kisha nikakaa nayo. Nilifika mpaka jikoni nimeishika karatasi, na moto unawaka. Nakwambia ili ujue unaongea na mtu wa namna gani. Wakati mimi natafuta njia ya kumwokoa mwanangu, wewe ulikuwa zizini unajifunza kujilaani. Nilipoisoma barua yako ya mazoezi nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Tarehe 28 usiseme neno lolote. Nitasimama mimi, nitasoma kurasa zote mbili. Jani sitakuletea tena. Ukinisamehe au ukikataa, iwe kwa kupenda kwako.

Baba,
Emilian

*

Kilema,
5 Januari 2025

Avelina,

Wiki imepita na sijui kilichotokea nyumbani kwangu.

Nilisoma. Hilo nalijua kwa sababu koo liliuma. Nilipoinua macho niliona midomo inachezacheza kila upande. Shemeji yangu amesimama. Mama yako ameshika kichwa. Wilbert naye alisimama, akasema jambo refu huku amenyoosha mkono kuelekea jikoni, na watu wote wakageuka kutazama huko. Kisha wewe ukatoka. Nilidhani umemkimbia kwa hasira. Niliketi nikajisikia mtu mwema kwa mara ya kwanza tangu Novemba, nikamaliza kikombe changu.

Margareta hunisaidia kwa kuniandikia kwenye daftari kila linalosemwa. Tangu siku ile hajaandika hata mstari mmoja. Blessing hayupo. Kitanda chake kimetandikwa. Nikiuliza, kila mtu anakuwa na shughuli.

Mwanangu alisema nini?

Emilian

*

Sanya Juu,
2 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Sikukujibu mapema kwa sababu habari yenyewe nusu si yangu. Nilingoja ruhusa ya mwenyewe.

Ulipomaliza kusoma watu walianza kunong'onezana. Mjomba wako akasema, basi huyu binti tumemwonea. Kakayo akasema hivyo hivyo. Mimi nilishikwa na kiu ya ajabu, nikawa natafuta maji kwa macho. Hapo ndipo Wilbert akasimama. Alisema ni kweli amekosa kwa kunificha. Akasema aliona aibu, yeye ni binadamu. Watu wakaanza kumhurumia. Kisha akanyoosha mkono jikoni, nakuandikia kama alivyosema: "Lakini kama karatasi hii ni ya kweli, basi hata mimi nimedanganywa. Mwulizeni huyo mimba ni ya nani."

Blessing alikuwa mlangoni na sinia la nyama. Hakulidondosha. Aliliweka chini taratibu. Mama Margareta ndiye wa kwanza kumwita jina ambalo sitaliandika, na waliofuata wakaongeza. Alimtazama Wilbert anangoja aseme neno. Wilbert akaketi. Wewe ulikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, Baba, unatikisa kichwa kwa upole, na yule binti akakuona unavyotikisa. Alidhani unakubali.

Nilitoka kumfuata. Kwa nini, sijui. Nilikuwa na haki ya kufurahi, nikasubiri furaha ije, haikuja. Nilimkuta barabarani kwa ndala, na tumbo lile, hajui aelekee juu au chini. Kwao hawezi kurudi. Nikamwambia twende. Mama yangu alishtuka kunipita mimi, hakuniongelesha siku mbili.

Njiani kwenye gari alinieleza kwamba Wilbert alijua tangu mwanzo, kwamba ndiye aliyemshawishi, na yeye hakumtega mtu. Mimi namwamini. Huku Sanya Juu hakuna mwingine anayemwamini. Habari zimeshafika sokoni, na wanawake ninaouza nao maharage wananiuliza nakaaje na mwizi wa mume wangu. Nimewaambia mume hakuibiwa.

Mtoto amezaliwa Alhamisi, wa kike, kilo tatu na robo. Kwenu mlikuwa mnamtegemea Aprili.

Umeniuliza zamani kama nitakusamehe. Nimekusamehe, kwa kupenda kwangu. Kilema sirudi, hilo usinisumbue nalo. Lakini nina swali, na safari hii usikae nalo wiki saba. Uliandika kuna mengine Wilbert aliyokuandikia ambayo hayanihusu. Yalimhusu nani?

Avelina

*

Kilema,
6 Februari 2025

Avelina,

Yalimhusu Blessing. Nilijua tangu tarehe 8 Desemba.

Wakati Wilbert anasema yale maneno, barua yake yenye ukweli wote ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, upande wa moyo. Nilikuwa nimeibeba ili isibaki nyumbani watu wakaiona. Nilijiambia nainyamazia kwa sababu ya mtoto, na nikajisifu kwa hilo. Kumbe nilimwachia mwanangu mlango, akapita, na aliyebaki nje ni yule aliyekuwa dhaifu kuliko wote. Kwamba sikusikia si udhuru. Kabla ya siku ile hakuna aliyenizuia kusema.

Nimemwita Wilbert nikamwambia aandike kwenye daftari alilolisema siku ile, neno kwa neno. Aliandika. Nikaweka barua yake ya Desemba pembeni ya daftari. Alitazama mwandiko na mwandiko, vyote vyake, akaomba maji. Margareta naye amesoma vyote viwili. Amelala chali tangu jana na hataki uji.

Nilitaka kuwaita wazee tena Jumapili. Nilishaanza hata kuandika majina. Kisha nikaacha, kwa sababu nimeshawaamulia wanawake wawili bila kuwauliza, nikawaumiza wote wawili.

Barua ya Wilbert iko ndani ya bahasha hii, ile ile aliyoiandika kwa mkono wake. Sikubaki na nakala. Mpe Blessing. Akitaka wazee wote waisome, nitakwenda mlango kwa mlango kuwasomea. Akitaka kuichoma, aichome. Mtamba niliyemtenga ni wa mtoto, na hilo halina masharti.

Ningependa kuja kumwona. Mwambie asome kwanza, halafu aamue kama nikaribie.

Emilian